Siku nane na kusi: kutoka Kizimkazi hadi Watamu

Siku ya kwanza, Kizimkazi Mkunguni

Daladala ilinishusha alasiri, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekaza hasa. Ngalawa zilikuwa zimepandishwa juu kabisa ya ufuo, na mchanga ulikuwa ukiruka na kuchoma miguu. Huu ni mwisho wa Agosti, msimu wa nyangumi. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wa nundu hupita kwenye mwambao wetu wote, na pomboo wapo mwaka mzima. Nimejipa siku nane za kuufuata mwambao huu kutoka kusini ya Unguja hadi Watamu, pwani ya Kenya, nione watu wa kila mahali wanaishi vipi na wanyama hawa.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife Pangani. Nikiwa na miaka tisa hivi, alirudi asubuhi moja na pomboo ndani ya dau. Alikuwa amejizonga kwenye wavu usiku, akashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa maji. Wengi huona ajabu nikisema hivyo, lakini pomboo na nyangumi wana mapafu kama sisi, wananyonyesha kama sisi, na maji huwaua kama yanavyotuua sisi. Nilimgusa ubavuni. Ngozi ilikuwa laini kama yai lililomenywa, na juu ya kichwa palikuwa na tundu moja la pua lililofumba barabara. Baba hakumuuza wala hakumkata. Alimzika mchangani, juu ya mstari wa maji ya bamvua, na hakulizungumza tena.

Baada ya magharibi niliketi barazani na mzee mmoja wa hapa. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, umekuja kuwatazama au kuwafukuza?"

Zamani, aliniambia, pomboo hawa walipigwa chusa. Nyama yao ilikuwa chambo cha papa, ngumu, yenye mafuta mengi, haitoki kwenye ndoana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walipoanza kuja kuwaangalia, watu walitambua kwamba pomboo aliye hai analeta fedha kila siku, na aliyekufa analeta mara moja tu. Kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata, 1997, likatangazwa Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai, kilomita za mraba 470. Mzee alizisimulia habari hizi kwa fahari, na ni haki yake. Kuacha chusa ambacho babu yako alikushikisha ni jambo kubwa.

Siku ya pili, baharini

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na wageni sita, nahodha wetu kijana ambaye hajafika thelathini. Tulipofika nje ya ghuba tulikuta boti nyingine kumi. Nilizihesabu mara mbili.

Pomboo walikuwa saba au wanane, wale wa aina ya chupa, wanaitwa hivyo kwa pua yao. Walikuwa wakienda polepole, ubavu kwa ubavu, wanapanda pamoja, wanazama pamoja. Mwenye kuwajua anatambua kwamba hapo wamelala. Pomboo hana usingizi kama wetu, kwa sababu kila pumzi anaivuta kwa kukusudia. Nusu moja ya ubongo hupumzika huku nyingine ikishika zamu, na mwendo ule wa taratibu ndio kitanda chao.

Kisha boti zikawazunguka. "Rukeni! Rukeni sasa!" na wageni wakarukia mbele yao na miwani yao ya kuzamia. Pomboo wakazama, wakatokea mita hamsini mbele, mashine zikanguruma, boti zikawakata mbele tena. Miongoni mwao kulikuwa na jike na mtoto wake, bado ana mikunjo hafifu ubavuni, ile mikunjo ya kukunjwa tumboni mwa mama, maana yake hana muda mrefu tangu azaliwe. Nikaacha kuangalia wengine, nikamwangalia yeye tu. Kila boti ilipowakaribia, mama alihama upande, akajiweka kati ya boti na mtoto. Boti ikija kushoto, mtoto yuko kulia. Ikija kulia, mtoto yuko kushoto. Katika muda wa kama dakika kumi alihama mara tano. Mara ya sita boti zilikuja pande zote mbili, na wote wawili wakazama na sikuwaona tena.

Watafiti waliofanya kazi hapa miaka mingi wameliandika jambo hili: boti zikiwapo, pomboo wa Kizimkazi hupumzika kidogo, hula kidogo, na husafiri zaidi. Na si wengi. Hesabu ya kati ya 1999 na 2002 iliwapata pungufu ya 200 wa aina hii katika maji haya. Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Hawa si dagaa wa kujazana upya msimu ujao.

Nilimwomba nahodha turudi. Alinitazama, akapunguza mashine, akasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie: "Dada, mimi najua. Lakini nikisimama mbali, mgeni anasema nimemwibia pesa yake. Kesho anapanda boti ya mwenzangu." Sikuona uongo usoni mwake. Tulipofika pwani tulipeana namba za simu, nikamwahidi nitamtumia habari za huko niendako.

Siku ya tatu, njiani

Nilipitia Dimbani kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107 ukutani, nikarudi mjini, nikapanda boti ya Dar. Kipande cha safari kabla ya kufika Dar, bahari iliinuka vibaya, watu wakatapika. Sikuona mgongo hata mmoja, ila sikuondoa macho majini.

Siku ya nne, Dar hadi Shimoni

Basi la Mombasa liliondoka alfajiri. Mkonge wa Tanga, kisha Horohoro, mihuri miwili, kisha Lunga Lunga. Tulipoipita Tanga niliwaza tena habari za jarife. Ni nyavu zilezile, zilipoanza kutegwa kwenye kilindi, zilizonasa silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria. Kwa ajili yake Tanzania ilianzisha hifadhi ya bahari ya Tanga. Jarife halichagui. Mvuvi anamtaka papa au nguru, wavu unachukua kilichopita: kasa, pomboo, nguva, silikanti, mara nyingine ndama wa nyangumi. Wala simlaumu mvuvi, nimelishwa na jarife mpaka nikasoma. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua hatari kubwa ya pomboo katika mwambao huu, usianze na boti za wageni. Anza na nyavu zinazolala majini usiku kucha bila mtu kuziangalia.

Niliteremka njia panda ya Kanana, bodaboda ikanifikisha Shimoni jua linazama.

Siku ya tano, Wasini na Kisite

Mlango wa bahari kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini ni mwembamba na umekingwa na kusi, hata asubuhi maji yalikuwa yametulia. Nahodha wa leo ni Mvumba wa Wasini, mtu mzima, maneno yake machache. Nilimsimulia ya Kizimkazi. Akajibu, "Hata hapa yapo. Inategemea nani ameshika usukani."

Hatujatoka nusu saa akaweka gia huru, akanyoosha kidole kuelekea mikoko. Sikuona kitu. Kisha mgongo mmoja wa kijivu ulijikunja, mrefu, na juu yake nundu, na juu ya nundu pezi dogo. Pomboo wa nundu. Nilikuwa nimesoma habari zake tu. Huyu haruki wala hachezi mbele ya boti. Anaishi karibu kabisa na nchi kavu, kwenye maji mafupi, na ndiyo sababu yumo hatarini kuliko pomboo wengine wa hapa: pale anapokula yeye ndipo tunapotega nyavu, ndipo mito inapomwaga taka, ndipo tunapojenga bandari. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, limemweka kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Walikuwa wawili. Walipumua mara tatu, pff, pff, pff, sauti kavu kama mtu anayezima mshumaa, wakaenda zao. Nahodha hakuwafuata. Alisubiri hadi akahakikisha wametuacha wao, ndipo akaongeza mwendo.

Kwenye hifadhi ya Kisite hakuna uvuvi kabisa. Mpunguti, jirani yake, wavuvi wanaruhusiwa kwa zana za jadi. Huko tuliwakuta pomboo wa chupa, kumi na zaidi, na boti tatu tu. Nahodha alikwenda sambamba nao, mbali kidogo, upande mmoja, asiwakate mbele wala asiwaingilie katikati. Baada ya dakika chache wawili walikuja wenyewe chini ya ubao wa mbele, wakageuka ubavu, wakatutazama. Jicho la pomboo ni dogo, jeusi, na linakufuata. Sikupiga picha. Nilibaki nimeinama pale hadi walipoondoka.

Jioni Wasini, wali na samaki wa nazi, na kisiwa hiki hakina gari hata moja. Nililala nikisikia maji tu.

Siku ya sita, Shimoni hadi Watamu

Matatu, kivuko cha Likoni, matatu nyingine, Kilifi, njia panda ya Gede, tuktuk. Nimefika.

Siku ya saba, Watamu

Hatukuona chochote.

Tulitoka kupitia mlango wa mwamba saa moja asubuhi, tukakaa baharini hadi saa sita. Hapa kilindi kiko karibu sana, ukivuka mwamba tu rangi ya maji inabadilika kutoka kijani kwenda buluu nzito. Mawimbi ya kusi yalikuwa yanatuinua, tunaona minazi, yanatushusha, tunaona ukuta wa maji. Nahodha, Mbajuni, alisimama muda wote, mkono mmoja kwenye nguzo ya turubai. Tulipogeuza alitoa daftari la shule lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaandika tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, upepo, na mbele yake: *hakuna*. Anaandika kila siku. Binti tuliyekuwa naye, wa kikundi cha uhifadhi cha hapa Watamu, alinieleza kwamba siku za *hakuna* zina thamani sawa na siku nyingine. Bila hizo huwezi kujua kama nyangumi wameongezeka au ni boti za kuwatazama zilizoongezeka.

Mchana tuliketi chini ya mkungu, na mazungumzo yakawa marefu. Nayaweka hapa kwa sababu ndiyo niliyoyafuata.

Nyangumi hawa wanatoka bahari ya barafu huko Antaktika. Wakati wa kiangazi cha huko wanakula krili, vidudu jamii ya kamba vidogo kuliko kidole, kwa tani. Baridi ikianza wanaelekea kaskazini. Kutoka ukingo wa barafu hadi hapa Watamu ni takriban kilomita 7,000, na wakishafika hawali, au hula kidogo sana, miezi kadhaa. Wanaishi kwa shahamu waliyobeba mwilini. Wamekuja kupandana na kuzaa kwenye maji ya joto. Ndama anazaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi na uzito karibu tani moja, na hana shahamu ya kutosha kuhimili baridi ya kusini. Maziwa ya mama ni mazito kwa mafuta. Kila lita anayonyonya imetoka kwenye akiba ileile ambayo mama anaihitaji kwa safari ya kurudi.

Kwa hiyo boti inapomkimbiza mama huyo, anatumia akiba hiyo. Hakuna pa kuijazia hapa. Mpaka afike Antaktika tena.

Binti akaeleza pia habari za kuvua nyangumi. Katika karne ya ishirini waliuawa zaidi ya nyangumi wa nundu 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1963 wakapigwa marufuku kuwindwa huko, lakini meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri miaka kadhaa baadaye na kuandika hesabu za uongo. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa mahali pa salama kwa nyangumi, na marufuku ya biashara duniani kote ikaanza kutekelezwa katikati ya miaka ya 1980. Tangu hapo wamerudi kwa wingi. Sipendi kulisema hili haraka haraka. Mara nyingi tukizungumza mazingira tunahesabu misiba tu, na hapa kuna wanyama waliokaribia kumalizwa ambao leo vijana wa Watamu wanaandika mikia yao kwenye daftari.

Nahodha alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba babu zake walikuwa wakienda Arabuni kwa jahazi, na huko pia waliwaona nyangumi, ila wa kule hawasafiri. Binti akaruka kwa furaha, kwa kuwa ni kweli. Nyangumi wa nundu wa bahari ya Uarabuni, wale wa pwani ya Oman, hawaendi Antaktika. Wamejitenga na wenzao kwa maelfu mengi ya miaka, na wamebaki pungufu ya mia moja. Wanaweza kuishi huko kwa sababu ya kusi hiihii inayotupiga sisi. Ikivuka ikweta inajipinda, inavuma kutoka kusini-magharibi, inasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Oman, na maji baridi ya chini yenye rutuba yanapanda. Chakula kinapatikana huko huko. Mwaka 2017 jike mmoja aliyefungwa kifaa cha kufuatilia alivuka kutoka Oman hadi India. Walimwita Luban, yaani ubani.

Nikaangalia mnazi uliokuwa umepinda kwa upepo. Upepo uliowapeleka mababu zetu Maskati unalisha nyangumi.

Siku ya nane, Watamu

Kusi ililegea usiku. Asubuhi bahari ilikuwa na mgongo tu, bila povu.

Saa mbili na dakika kumi nahodha alisema, "Pumzi." Upande wa kaskazini-mashariki, mbali, kitu kama moshi wa kuni kilisimama juu ya maji, kikalala, kikapotea. Kisha kingine pembeni yake, kidogo. Akaelekeza boti huko polepole, kwa ubavu, si moja kwa moja, na umbali ulipofika kama mita mia akazima mashine kabisa. Tulikuwa watu tisa. Aliyekuwa anaongea alinyamaza.

Mama alitokea kwanza. Mgongo wake mweusi uliendelea kutoka, na kutoka, na nilipodhani umekwisha ndipo pezi lilipofika. Ndama alikuwa amejilaza karibu na bega lake. Alipanda kupumua mara tatu kabla mama hajapanda mara moja. Mapafu yake madogo hayajui kungoja. Kila mama alipozama, juu ya maji palibaki duara laini, kubwa kama uwanja wa nyumba, bila kiwimbi hata kimoja, kana kwamba mtu amemwaga mafuta. Nahodha aliniambia ni mkia unaosukuma maji kwenda juu. Duara lile lilikaa muda mrefu.

Binti alishusha kipaza sauti cha majini kwa kamba, akanipa kisikilizio. Kwanza nilisikia mwamba tu, mlio kama chumvi inayotupwa kwenye moto, ni kamba na viumbe vidogo. Kisha, kutoka mbali sana, sauti ikapanda. Ikashuka kwa mguno mzito, ikapanda tena kwa mlio kama mlango wa jahazi, ikarudia. Ni dume. Madume ndio wanaoimba, na madume wote wa jamii moja huimba wimbo mmoja, ambao hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wote hubadilika pamoja. Hakuna aliyejua alikuwa wapi. Nilitoa kisikilizio sikioni na bahari ikawa kimya kabisa, nikakirudisha na ilikuwa imejaa.

Ndama akaanza kupiga maji kwa pezi lake, pa, pa, pa, bila shabaha. Kisha mama akageuza mwendo, akaja upande wetu. Nahodha hakugusa mashine. Walipita pengine mita thelathini kutoka ubavu wa boti, na mama alipokuwa akizama aliinua mkia wote, maji yakachuruzika pande zote mbili, na chini yake ulikuwa mweupe wenye mistari myeusi upande wa kushoto na kovu la nusu duara. Binti alipiga picha. Mchoro wa chini ya mkia haufanani kwa nyangumi wawili, ni kama alama ya kidole, na picha hiyo itaingizwa kwenye tovuti ya Happywhale. Akipigwa picha kusini, kwenye barafu, atajulikana kuwa ndiye huyu.

Tulikaa nusu saa. Nahodha akaangalia saa yake, akawasha mashine kwa upole, akageuza. Wageni wawili walimwomba abaki kidogo, wakaongeza bei. Akatikisa kichwa, akasema, "Ana mtoto." Kwenye daftari aliandika: *mama na ndama, mkia umepigwa picha, wanaelekea kusini*.

Usiku, kabla ya kulala, nilimtumia yule kijana wa Kizimkazi kipande cha video, mkia ukizama. Alijibu upesi kuliko nilivyotarajia.

"Mlikuwa umbali gani?"

"Mita mia. Mashine imezimwa. Wamekuja karibu wenyewe."

Ikapita kama dakika mbili, nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Na wageni hawakulalamika?"

"Walilalamika," nikamwandikia. "Nahodha aliposema turudi."